Heroe wa Topeni

Jumapili, 1 Machi 1964

Tisini na sita. Nimehesabu mara mbili. Wiki iliyopita walikuwa themanini na kitu. Sikumaliza, mama aliniita.

Maji yalitoka adhuhuri, Topeni ikawa tope tupu. Mama aliinamia tondo wake, konokono wa kupika, kikapu ubavuni, mimi nikajifanya natafuta kaa. Huwa najifanya hivyo. Nikikaa kwenye mizizi ya mkoko wa mwisho bila kutikisika, heroe wananisogelea mpaka hatua arobaini. Leo mmoja alikuwa akizunguka pale pale, akikanyagakanyaga matope kama mtu anayeponda udongo wa kukandikia nyumba. Kisha akakitumbukiza kichwa majini, utosi chini, mdomo ukichuja. Ndivyo wanavyokula, kichwa kikiwa kimepinduka.

Watu wa hapa hawawaangalii. Heroe hawaliwi na hawaharibu mihogo. Ndege wa Topeni tu, basi.

Mimi nawaangalia tangu darasa la nne. Sasa niko la saba. Yote yamo kwenye daftari la hesabu, kurasa za nyuma.

Nimwaka hakuja. Anasema matope yananuka. Yeye ni mtoto wa marehemu mama mdogo, alikulia Majengo, Mombasa. Alikuja kwetu Desemba, wiki ile ya sherehe za uhuru, na sanduku lake la bati. Tunalala kitanda kimoja na tunakaa dawati moja. Amenizidi mwaka mmoja. Amenizidi na mengine.

Ijumaa nilimwonyesha daftari. Sijui kwa nini. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuliona.


Jumanne, 3 Machi

Nimeibiwa.

Mwalimu Mwero alileta picha iliyokatwa kwenye kalenda. Yeye hutufundisha somo la viumbe. Kwao ni upande wa Mackinnon Road, nyika kavu na ng'ombe, na bahari anaiangalia kama mtu anayemwangalia mkwe. Akabandika picha ubaoni. Heroe. Akasema hawa huishi kwenye maziwa ya magadi, mbali, Nakuru na kwingineko, wala hadhani kuna mmoja wetu aliyewahi kuwaona.

Mkono wangu ulikuwa juu ya dawati, nikawa nautazama kama si wangu. Ukakaa pale pale. Darasani mimi sisemi. Kiingereza changu cha karatasini Mwalimu hukisifu. Cha mdomoni hakitoki. Na Kiswahili, nilichonyonya nacho, kikiitwa mbele za watu kinajificha.

Nimwaka akasimama. Akasema yote. Kwa Kiingereza chake kinachochechemea lakini hakisimami njiani. Kukanyaga matope. Kichwa kupinduka. Mkoko wa mwisho. Hata zile hatua arobaini. Hakunitaja.

Mwalimu alipiga makofi peke yake, darasa likamfuata.

Njiani nilinyamaza. Akaniuliza, "Mbona umenuna? Si wewe ulikuwa huwezi kusema? Nimekusemea."

Anaamini hivyo. Ningependa awe mwongo, ningemchukia vizuri.


Alhamisi, 5 Machi

Mwalimu amemwazima Nimwaka kitabu cha ndege na darubini. Vyote viwili. Ameviweka kitandani upande wake.

Mama amemsifu. Kasema, "Mtoto ana mdomo wa kumtetea duniani." Akanitazama mimi bila kukusudia. Nilikuwa napepeta mchele. Nikaendelea kupepeta.

Kitabu ni cha Kiingereza kizito. Nimwaka hafiki mstari wa tatu. "Siti, hili neno?" "Siti, na hili?" Mara ishirini. Nilimjibu kila mara kwa mkato, kama namtupia kuku mtama. Inaudhi kuulizwa na mtu aliyepewa kitu chako.

Lakini nilisoma. Kuna heroe wa namna mbili. Mimi niliwahi kuhisi hivyo, na sikuwa na wa kumuuliza. Mkubwa ni mweupe wa waridi hafifu, shingo ndefu kupita kiasi, mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi. Hula uduvi na konokono wadogo wa matopeni. Mdogo ni mfupi, waridi limekolea, na mdomo wake ni damu ya mzee, ukiwa mbali unauona mweusi mtupu. Huyu hula ukungu wa kijani unaoota kwenye maji ya magadi. Kitabu kinasema mdogo ni nadra kuonekana mwambao huu.

Wapo. Nimewaona. Wafupi, wenye midomo mieusi, wanakaa pembeni kama wageni harusini. Kila nikihesabu napata kumi, kumi na mmoja.

Hili sikumwambia Nimwaka. Hili ni langu.


Ijumaa, 6 Machi

Nimwaka alikwenda Topeni baada ya shule, saa kumi, na darubini shingoni. Mara yake ya kwanza. Maji yalikuwa nje, si sana, ila ya kutosha. Akarudi na matope mpaka magotini, hakulalamika kuhusu harufu. Akamsimulia mama kama yeye ndiye aliyewaumba.

Baba amerudi kutoka kwenye mashamba ya miwa. Alimsikiliza Nimwaka chakula kizima. Mimi aliniuliza kama nimemaliza kufua.


Jumatano, 11 Machi

Barua imetoka Kwale, Mwalimu aliwaandikia habari za heroe. Mwalimu alituita mimi na Nimwaka nje ya darasa, chini ya bendera. Mimi niliitwa kwa sababu Nimwaka alisema, "Na Siti aje, yeye anajua njia."

Mambo yako hivi. Kuna bibi mmoja Mzungu anayehesabu ndege nchi nzima. Likizo ya Aprili atachukua wanafunzi wachache kwa gari moshi hadi Nakuru, wakaone ziwa. Wilaya yetu imepewa nafasi moja. Afisa wa elimu anasema bibi akithibitisha kwamba heroe wako huku kweli, nafasi itakuwa ya mwanafunzi aliyeleta habari.

Nakuru. Ziwa zima la waridi. Kitabu kinasema mtu akisimama kilimani haoni maji.

Watakuja Jumamosi ya tarehe 21, saa nne asubuhi. Mwalimu ndiye aliyechagua, akaweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Akatukataza kumwambia mtu, wavulana wasije wakaenda kuwatimua ndege kwa mawe.

Nimwaka alirukaruka. Mimi nikahesabu vidole nyuma ya mgongo. Mwezi utaandama Jumamosi magharibi, Jumapili iwe mwezi mosi. Jumamosi ile itakuwa mwezi saba, siku ya saba tangu kuandama. Mwezi saba ni maji mafu, na saa nne asubuhi bahari itakuwa imejaa mpaka kwenye mikoko. Hakutakuwa na Topeni. Mtoto wa miaka sita wa hapa anajua hivyo. Mwalimu hajui, kwao hakuna maji ya kujaa wala kutoka. Nimwaka hajui, Majengo alioga kwa bomba.

Nilifungua kinywa. Hili walahi si uongo, nilifungua.

Mwalimu akamwambia Nimwaka, "Utatuletea sifa, binti." Nikakifunga.


Jumapili, 15 Machi

Mwezi umeandama jana magharibi. Asubuhi tulikwenda watatu, mama, mimi, Nimwaka. Bamvua. Saa nne na nusu maji yalikuwa nje kabisa, Topeni imelala uchi mpaka mkondoni. Heroe mia na thelathini na nane, sijawahi kuona wengi hivi. Mmoja alifungua mbawa. Ndani nyekundu kama pilipili, pembeni nyeusi. Kisha akazifunga, akawa mweupe tena, kama aliyefunga mlango.

Nimwaka alitazama kwa darubini. Akasema, "Wale wadogo ni makinda yao. Nitaandika makinda kumi na moja."

Kinda la heroe ni la kijivu. Kitabu kimesema, ukurasa ule ule. Hakuufikia.

Nikasema, "Andika."

Ameiona Topeni mara mbili sasa, mara moja jioni, mara moja asubuhi, na mara zote ndege wapo. Kwake yeye Topeni ni topeni siku zote.

Nampenda? Ndiyo. Hunisuka nywele bila kuniumiza. Hunipa kipande kikubwa cha muhogo. Nikimtazama akicheka na mama nataka aanguke.


Jumatano, 18 Machi

Nimemsaidia Nimwaka kuandika karatasi ya kuwasomea wageni. Kiingereza ni changu, jina ni lake. Ameikariri. Anaisoma akifagia, anaisoma akichota maji. Sauti yake ni nzuri. Maneno yangu yanapendeza kinywani mwake kuliko yatakavyowahi kupendeza kinywani mwangu.

Siku tatu zimebaki za kusema. Kila asubuhi najiambia leo.


Ijumaa, 20 Machi

Nimefanya jambo.

Mama alikuwa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Nimwaka yuko kisimani. Mama akasema kesho wageni wa Nimwaka wanakuja, ingawa Mwalimu alikataza tusimwambie mtu. Nimwaka hawezi kumficha mama kitu. Akaendelea kukuna. Halafu mkono ukasimama.

"Kesho si mwezi saba? Wanakuja saa ngapi?"

Mama anajua maji kuliko saa.

Nikamwambia, "Alasiri, Mama."

"Haa. Alasiri sawa, maji yatakuwa yametoka kidogo." Akaendelea na nazi yake.

Basi. Neno moja. Mpaka leo nilikuwa nimenyamaza tu, na kunyamaza nilijitetea nako, mimi ni mtu wa kunyamaza, kila mtu anajua. Leo nimesema.


Jumamosi, 21 Machi

Wamekuja. Landrova, afisa wa elimu na tai yake, bibi Mzungu na viatu vya mpira. Afisa ni mtu wetu, ana miezi mitatu kwenye kiti kilichokuwa cha Mzungu, na anatembea kama mtu anayechungulia nani anamcheka. Mama alikuwa ameondoka alfajiri kwenda mazishini Mwabungo. Mwalimu alivaa koti. Nimwaka alivaa leso mpya ya mama. Mimi nilibeba mkoba wa Mwalimu.

Tulitokea kwenye mkoko wa mwisho. Bahari. Maji yametulia, yamejaa mpaka mizizini, kijani, mazuri. Kulastara mmoja juu ya tawi. Hakuna kingine.

Nimwaka alisimama. Akatazama kushoto na kulia kama mtu aliyekosea nyumba. Akasema walikuwa hapa. Akasema palikuwa na matope. Akaanza ile karatasi, akaikatiza, akasema tena walikuwa hapa. Bibi Mzungu alikuwa mpole, alipangusa darubini yake na kungoja.

Afisa hakuwa mpole. Kasema, "Binti, una hakika hukuona kanga zimeanikwa?"

Dereva akacheka. Mwalimu Mwero alitazama viatu vyake.

Nilijua walipo. Maji yakijaa heroe huenda nyuma ya mikoko, kwenye uwanda wa chumvi, pale pasipoota kitu. Husimama huko kwa mguu mmoja na kungoja maji. Ni mwendo wa robo saa. Sikuhitaji hata kusema. Ningenyosha kidole.

Nilishika mkoba kwa mikono miwili.

Na nilifurahi. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilipoona kidevu cha Nimwaka kinatetemeka, kitu ndani yangu kilikaa vizuri, kama mtu aliyepata kiti baada ya kusimama miezi mitatu.


Jumapili, 22 Machi

Furaha ile haikulala hata usiku mmoja.

Mama amerudi. Nimwaka alimlilia mapajani na kumweleza yote, saa nne, maji, kanga. Mama akampapasa kichwa. Macho yake yakanitafuta juu ya mgongo wa Nimwaka.

Baadaye, tukiwa wawili jikoni: "Uliniambia alasiri."

Nikasema nilisahau.

"Hukusahau, Siti." Akaosha mchele. Hakusema jingine, na mpaka sasa hajasema.


Jumatatu, 23 Machi

Habari zimefika shule kabla yetu. Wavulana walijipanga langoni, kila mmoja amesimama kwa mguu mmoja. "Shikamoo, Mama Heroe. Wanao wamekwenda Maka kuhiji?" Hata wadogo wa darasa la pili.

Mwalimu alimwomba Nimwaka arudishe kitabu na darubini. Kwa upole. Nasikia afisa alimwambia ofisi ya sasa si ya kuletewa hadithi.

Wakati wa kurudi Nimwaka alisema atarudi Mombasa. Ameshampa dereva wa basi salamu ampelekee baba yake. Kule kuna mama wa kambo na watoto watatu wadogo. Atawalea, atauza mahamri asubuhi. Shule hakuna, mama wa kambo alishasema tangu zamani kwamba msichana wa miaka kumi na sita shuleni ni hasara ya viatu.

Akasema labda kweli aliona vibaya. Ameanza kutoamini macho yake mwenyewe.


Jumanne, 24 Machi

Nimwaka hakuja shule. Alimsaidia mama kusuka makuti.

Hanishuku hata chembe. Amenipa kile kipande kikubwa tena.


Jumatano, 25 Machi

Nimeandika barua kwa Mwalimu. Kwa Kiswahili nilianza mara tatu, nikachana mara tatu. Kila neno lilikuwa na uso wa mama. Kwa Kiingereza ilitoka. Kiingereza hakinijui, hakina jamaa yangu hata mmoja, kinaandika "nilijua" na kuweka nukta. Nilimwandikia kuhusu mwezi saba, kuhusu uwanda wa chumvi, kuhusu neno alasiri.

Nilimpa baada ya kengele na kutaka kukimbia. Akaniambia ngoja.

Akasoma, akarudia. Kisha akasema, kama anajisemea, "Kwetu maji yanafuata mawingu. Sikujua kwamba huku yana tarehe zake." Akacheka kidogo, bila furaha. Akaniuliza kwa nini.

Nikasema, "Wivu, Mwalimu."

Hakunikaripia. Bora angenikaripia. Akasema kesho shule inafungwa adhuhuri kwa ajili ya Pasaka, na kabla hajapanda basi kwenda kwao atakuja nimpeleke nilikosema. Lakini kwanza nimwambie mwenzangu. Nisipomwambia haji.

Nikamkuta kisimani. Nikamwambia nikitazama kamba. Mwanzo alicheka, alidhani nafanya mzaha wa kumliwaza. Kisha akaona sicheki naye akaacha.

"Mimi ndiye niliyemwambia Mwalimu uje na wewe," alisema.

Ni hayo tu. Akajitwika ndoo. Hakumwaga hata tone.


Alhamisi, 26 Machi

Tulikwenda watatu, mimi mbele. Nilidhani Nimwaka hatakuja. Alikuja, akatembea nyuma ya Mwalimu.

Saa nane, maji yamejaa. Tukapita nyuma ya mikoko kwa njia ya wakata boriti. Uwanda unaanza ghafla, mweupe, chumvi inavunjika chini ya miguu kama ukoko wa wali. Na wao wapo. Mia na arobaini, labda na zaidi, wote wamesimama kuelekea upepo. Vichwa vimefichwa mgongoni. Kimya, ila ile sauti yao ya chini kama bata wanaosengenya.

Mwalimu Mwero aliketi chini na koti lake. Mtu wa nyika kavu, amekaa juu ya chumvi, macho yamemlowa. Baadaye akatoa daftari na kumuuliza Nimwaka aliandika makinda mangapi. Akajibu kumi na moja.

Nikasema, "Si makinda."

Sauti ilikuwa yangu. Ilikwaruza. Mwalimu akageuka. Nikaendelea kwa sababu kusimama kungekuwa kubaya zaidi. Nikasema kinda ni la kijivu. Nikasema atazame mdomo, mkubwa ana waridi na ncha nyeusi, hawa ni damu ya mzee mpaka kwenye macho. Nikasema hawa ni namna ya pili, wale wa maziwa ya magadi, na sijui huku wanafuata nini, kitabu hakisemi. Nikasema nimewaona miaka mitatu, huja kiangazi, huondoka mvua za masika zikianza.

Mwalimu akampa Nimwaka darubini. Alitazama muda mrefu. "Midomo mieusi, kweli," alimwambia Mwalimu. Si mimi.

Mwalimu ataandika Kwale. Ataandika kwamba kosa la saa lilikuwa lake. Ataweka majina yetu wawili, la Nimwaka kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyesimama darasani.

Hata pale, juu ya chumvi, baada ya yote, jina lake kuwa la kwanza lilinichoma. Sijui mimi ni mtu wa namna gani.


Jumatatu, 30 Machi

Mama ameanza kusema nami. Aliniambia nilete kuni.

Baba yake Nimwaka ametuma jibu. Aje haraka, mama wa kambo anamngoja. Mama alimsikiliza dereva wa basi mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwambie shemeji, mtoto wa mdogo wangu ana mtihani. Akimtaka, aje mwenyewe aniombe." Hatakuja. Kila mtu anamjua mama.

Nimwaka amehamia kulala na mama. Baba yuko mashambani.


Jumatatu, 6 Aprili

Mwalimu alisimama mbele ya darasa. Akawaambia heroe wapo, amewaona kwa macho yake, na waliokuwa wakisimama kwa mguu mmoja sasa wanaweza kushusha wa pili. Akasema aliwaita wageni saa mbaya kwa sababu hakujua maji. Jina langu hakulitaja. Nililisikia lilivyokosekana.

Jibu la Kwale limekuja. Wanashukuru. Bibi Mzungu ameshaondoka kwenda kuhesabu kwingine, na ile nafasi amepewa mvulana wa Waa aliyechora mizinga ya nyuki. Gari moshi linaondoka wiki hii.

Nimwaka alipokea kama anayeambiwa bei ya chumvi. Mimi nilikwenda chooni nikalia. Sikulia kwa ajili yake tu. Ningependa kuandika kwamba nililia kwa ajili yake tu.

Mwalimu amempa kitabu na darubini likizo nzima. Yeye, si mimi. Ni haki. Imeuma vile vile.


Jumapili, 12 Aprili

Masika. Mvua tangu alfajiri. Nilikwenda Topeni na mama kabla haijazidi. Hakuna hata mmoja. Alama za miguu zimefutika, kuna unyoya mmoja umenasa kwenye mzizi. Niliuacha.

Alasiri tulikaa barazani, Nimwaka na kitabu, mimi na mchele. Amefika sura ya korongo. Juzi Mwalimu alimtafutia kamusi, kubwa, haina jalada. Tangu amepewa hajaniuliza neno. Anaweka kidole mahali, anafungua kamusi, anapekua, midomo inatembea. Inamchukua muda. Anapata.

Leo alikwama kwenye neno moja. Kidole kilikaa hapo hapo. Nilichungulia, nikaliona. Nalijua lile. Niliacha kupepeta ili asikie kwamba nimeacha.

Mvua ilipiga makuti. Nikangoja.

Akaivuta kamusi.